Gobore Lisilo na Fataki

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa Koplo Mfaume ni mkono wake wa kulia. Akisimama bila kazi, mkono huo hupanda taratibu hadi begani, ukapapasa mkanda ambao haupo. Wenzake kambini wameshaujua. "Koplo, nguruwe hao!" humpigia kelele, naye hugeuka kabla hajajizuia.

Mkanda ulikuwa wa gobore la baba yake. Mzee alipofariki, kibali kilihamia kwa Mfaume, na polisi wakamwambia silaha ikae na mwenyewe. Mwenyewe anakaa kambini, nje ya mji wa Lindi, na huko askari haruhusiwi kulala na bunduki yake binafsi. Huikabidhi ghalani ikiwa tupu, akaichukua anapokwenda likizo. Ignatius, wanayelala naye chumba kimoja, alimshauri alifiche darini kama yeye alivyoficha bunduki yake. Mfaume akakataa. Alitaka mihogo ya mama yake kule Rondo ikikomaa, achukue gobore lake kihalali, akalinde shamba dhidi ya nguruwe pori.

Siku alipolipeleka ghalani, Sajini Erasmo alitumbukiza ufito mtutuni kulikagua. Ukagota kabla ya kufika mwisho.

"Hii imejaa!"

"Haina fataki ya kuwashia baruti, afande. Kwetu ikitolewa fataki ni tupu. Tunaitundika ukutani hivyo hivyo, watoto wanalala chini yake."

"Kwenu! Haya, twende kwenye shimo la mchanga ukanionyeshe huo utupu."

Baruti ilikuwa imeshindiliwa sana. Njia nyepesi ya kuitoa ilikuwa kufyatua. Mfaume akaweka fataki, akafyatua. Mabati ya jiko yalitikisika, askari wakalala kifudifudi, moshi ukamfunika. Alipotokea nyusi zimeungua, kambi nzima ilicheka. Sajini hakucheka. Alimfungulia shauri la kuingiza kambini silaha iliyojazwa. Gobore likafungiwa kama kielelezo mpaka mkuu wa kambi asikilize, na likizo ikazuiwa.

Mkuu alikuwa safarini. Mihogo ilikomaa.

"Shikamoo, mama," Mfaume alisema kwenye simu.

"Marahaba, baba. Wamekupa?"

"Bado."

"Basi nitapiga debe."

Mama yake, Bi Mwanahija, akapiga debe shambani. Nguruwe wote walikimbia isipokuwa mmoja. Huyo alimchana paja hadi mfupa ukaonekana, akamwacha kati ya matuta, akarudi kula. Majirani walimkuta asubuhi, debe bado kalikumbatia.

Mfaume alipokwenda kuomba tena, Erasmo alimtazama nyusi.

"Mama debe, mwana moshi. Adui gani atawaweza nyie?"

Sasa mama yuko hospitali Lindi, na madaktari wanauzungumzia mguu kwa sauti ya chini. Yeye haulizi habari za mguu. Anaulizia gobore, kwa sababu debe lile lile sasa analipiga Nusaiba, dada yake Mfaume, na mimba yake kubwa.

Mkuu amerudi. Shauri ni leo. Mfaume amepiga pasi gwanda lake, amesimama juani nje ya ofisi. Erasmo ametangulia kuingia na gobore kwapani, mlango ukafungwa nyuma yake. Simu inatetemeka mfukoni: ni Nusaiba, anapiga kwa mara ya pili. Askari anayengoja shauri hapokei simu.

Mkono wa kulia unapanda begani. Anaushusha. Ndani kiti kinasogezwa, hatua zinakuja mlangoni, na Mfaume anakaza macho kwenye kitasa.