Tofu Iliyoanikwa na Papa

Mdogo wangu alipokuja Kismayu kututembelea kutoka Ulaya, alileta pakiti nne za tofu kwa ajili ya presha ya mama.

"Mama, hii ni soya," alimwambia. "Ina protini na haina mafuta mabaya. Ule hii, uachane na papa mkavu."

Mama ni mzaliwa wa kisiwa cha Chula, na kwake yeye kitoweo kisichotiwa chumvi ni uchafu unaosubiri kunuka. Tuliporudi kutoka sokoni tulikuta ameikata tofu yote vipande vyembamba, ameisugua chumvi na kuianika juani, ubavuni mwa papa wake. Mdogo wangu nusura alie. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Siku ya tatu mama akaipika kwa tui zito na ndimu. Wallahi ilikuwa tamu! Hata mdogo wangu aliongeza sahani.

Asubuhi yake tukampima mama presha, tukakuta imepanda. Mdogo wangu akafungua mdomo aitaje chumvi, lakini mama akamuwahi.

"Umeona? Hiyo soya yenu ina madhara. Mimi narudi kwa papa wangu."