Msusi Aliyeitwa Mahakamani Asijue Kama Ni Yeye

Saa tatu asubuhi msusi amesimama nyuma ya kiti cha saluni, mkono mmoja umeshika nywele za mteja, mwingine simu. Amefunga mlango, amezima redio. Mahakama inaanza humo humo kiganjani.

Mzazi mwenzake anataka kumchukua binti yao wa miaka sita, akaishi naye mji mwingine. Mwanamume ana wakili. Msusi hana, aliishia darasa la saba. Mahakama ilimtumia ujumbe wenye kiungo cha kubonyeza, tarehe na saa. Basi.

"Mjibu maombi yupo?" karani anauliza.

Karani anarudia:

"Mjibu maombi?"

Msusi anangoja kusikia jina lake; hajui kwamba mjibu maombi, yaani aliyeshtakiwa katika shauri, ndiye yeye. Kwenye skrini, wakili anasogeza miwani na kuomba shauri lisikilizwe upande mmoja, bila huyo asiyeitika.

Anayeshtuka ni mteja, kichwa kimesukwa nusu. "Shoga, si ndiye wewe huyo! Itika!"

"Nipo, mheshimiwa! Nipo hapa!" Anapiga kelele mpaka fundi cherehani wa jirani anachungulia dirishani. Hakimu hasikii. Kipaza sauti kimefungwa, naye hajui kinafunguliwa wapi. Vidole vinateleza kwa mafuta ya nywele.

"Niliwaona wanamzungumzia mwanangu kama mimi sipo duniani," ananisimulia.

Mteja anampokonya simu, anabonyeza. Sauti inapenya hakimu akiwa ameshaanza kuandika. Anainua macho, anamuuliza kama amewasilisha kiapo kinzani cha kuyajibu maombi hayo.

"Hicho sikijui, mheshimiwa. Ila mtoto nimemlea mimi."

Shauri likaahirishwa kwa wiki mbili.

Tangu hapo usingizi umemruka. Simu ikilia, kitana kinamdondoka. Binti akichelewa kutoka shule, anamwacha mteja kitini na kutoka mbio barabarani. "Nawaza, labda wameshaamua na mimi sikusikia."

Juzi alijikaza, akaenda masjala ya mahakama. Huko ndiko alikoambiwa kwamba anaweza kuomba asikilizwe ana kwa ana, na kwamba ghorofa ya chini kuna watu wa msaada wa kisheria, bure. Walimsaidia kuandika ombi. Jibu bado.

"Wakikubali, nitavaa gauni langu zuri, nimshike mwanangu mkono, tuingie. Hakimu atuone, atuulize kwa maneno tunayoyaelewa."

Na wakikataa? namuuliza.

"Hilo usiniulize, ndugu mwandishi. Niulize siku nikirudi naye nyumbani."