Mpiga Mawingu wa Ikuti

Ambindwile alianza kwa kupiga ndege, na utu uzima ulipomkuta akaajiriwa kupiga mawingu. Usicheke. Vita vya Kagera vilimkuta kijana wa kikosi cha mizinga ya kutungulia ndege, vikamrudisha Rungwe na mazoea ya kutembea akitazama juu. Kwa miaka mingi mazoea hayo hayakumpatia hata chumvi. Kisha shamba la chai lililo mlimani juu ya Ikuti likauzwa kwa mwekezaji, mwekezaji akaleta roketi za kuvunja mvua ya mawe, akauliza nani kijijini anajua kulenga angani. Watu wote walimtaja Ambindwile.

Roketi zenyewe zilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima. Ukizifyatua hupaa mpaka ndani ya wingu, hulipuka humo, na mawe, wasema waliokuja kuziuza, huvunjika yakawa maji kabla hayajafika kwenye chai. Kama ni kweli, mimi sijui, na Ambindwile mwenyewe hakujua. Mawe yasipoanguka alisifiwa. Yakianguka aliambiwa kwamba bila yeye yangekuwa makubwa zaidi. Ni fundi gani mwingine mwenye bahati hiyo?

Ng'ambo ya kijito kilichopakana na shamba waliishi wakulima na migomba yao, na miongoni mwao Asajile, kaka yake Ambindwile wa tumbo moja, aliyemlea baada ya baba yao kufariki. Mwaka 2001, masika yakielekea ukingoni, roketi zililia, chai ikapona, na mawe yakaanguka ng'ambo. Migomba ya Asajile ilichanika, maharage yakalala tope. Kijiji kizima kikashika neno moja: Ambindwile anatufukuzia mawe.

Baada ya majuma machache Asajile alipanda kambi ya wafanyakazi wa shamba, kwa mdogo wake. Alikuwa mtu wa redio, hakosi taarifa ya habari.

“Gwe nkamu gwangu, ndugu yangu,” alisema, “umesikia Wamarekani wanataka kujenga ngao ya kuzuia makombora? Warusi wamekasirika. Mimi nawaelewa. Ngao ya jirani ukiitazama kutoka upande wako, unaona mkuki.”

“Kaka, hii ni sayansi. Wewe ni mtu wa migomba.”

“Haya, ni sayansi. Lakini hata hao wakubwa wana simu yao. Mmoja akitaka kurusha kitu humwambia mwenzake, asije akashtuka. Sisi mnatuambia nini? Gongeni hata kengele kabla ya kufyatua. Na mtuite tukae, tuambizane.”

“Niende nikamfundishe bosi kazi?” Ambindwile akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichoharibu. Asajile aliinuka. Alivaa kofia yake akashuka zake. Tangu hapo wakikutana njiani mmoja alitazama chai na mwingine akatazama migomba. Kiangazi vijana wa ng'ambo wakaingia shambani na mapanga, wakafyeka miche ya chai. Mwekezaji akaleta walinzi na mbwa, akaagiza roketi zaidi. Ng'ambo wakanoa mapanga zaidi. Na kila upande uliapa kwamba unajilinda tu!

Kwa Wanyakyusa wa zamani, hasira isiyosemwa ni sumu ya ukoo. Waliogombana hukalishwa mbele ya watu, mmoja akatoa la moyoni bila kuficha, akatia maji kinywani, akayapuliza nje. Kisha mwenzake naye akafanya vivyo hivyo. Wachungaji hawaipendi sana desturi hiyo, ila hawafuatilii. Tulinagwe, dada yao, alikwenda huku na kurudi kule mpaka wote wawili wakakubali kukutana kwenye daraja la kijito, Jumapili baada ya ibada. Ambindwile aliahidi kwa kinywa chake. Na alitaka, tena sana. Alikuwa amekonda kwa kunyimwa salamu na mtu aliyemlea.

Jumapili yenyewe ikawa mwanzo wa mvua mpya, wingu jeusi likasimama juu ya mlima Rungwe. Ambindwile ameshavaa koti, gari la msimamizi wa shamba likafunga breki mlangoni.

“Panda, mzee! Huoni wingu lile?”

“Leo nina shughuli ya ukoo.”

“Ukoo ndio unaokulipa?”

Akapanda. Alijiambia atafyatua haraka haraka kisha ashuke darajani. Hakumtuma mtu yeyote akaseme anachelewa. Jamani! Neno moja tu, na kambi imejaa watu wenye miguu mizima. Linanichoma mpaka leo.

Darajani walikuwa wamekaa, Asajile, Tulinagwe na wazee, wakingoja. Roketi ya kwanza ikalia. Wazee wakatazamana. Ya pili ikalia.

“Ndilo jibu lake,” alisema mmoja wao, wakainuka.

Mvua ya mawe ikashuka pande zote mbili, chai kwa migomba, bila kubagua. Watu wakakimbilia majumbani. Tulinagwe alimvuta kaka yake mkono.

“Niache,” Asajile alisema. “Alisema atakuja.”

Ambindwile alipofika, daraja lilikuwa tupu. Asajile alikuwa amebebwa nyumbani akitetemeka. Kila siku Ambindwile alibisha hodi, na kila siku wana wa nyumba ile walimjibu kwamba baba amelala. Wakampeleka hospitali, lakini nimonia ilikuwa imeshamshinda nguvu.

Siku ya mazishi wazee walimkataza Ambindwile kutupa udongo akiwa na neno moyoni. Akasimama kando ya jeneza, akasema yote: dharau yake, woga wa kufukuzwa kazi, na kwamba hajawahi kujua kama roketi zile zinafanya lolote. Watu waliguna. Walinzi wa shamba waliokuja kuzika walitazama chini. Tulinagwe akampa maji, akayatia kinywani, akayapuliza.

Kwa desturi, sasa ilikuwa zamu ya mwenzake kusema. Hakuna aliyethubutu kumwambia akae. Alisimama pale akingoja, na umati mzima ukangoja naye, mpaka wachimba kaburi walipomwomba apishe.