Beji za Mukubwa na Makopo ya Sardini

Municheke, ni mimi mwenyewe nilijiletea ile haya. Direkta wetu wa kazi alinituma kutafuta mashini ya kutengeneza beji za sura ya Mukubwa wa inchi, juu ya défilé, ile matembezi ya sikukuu ya inchi. Muke wangu akasema, "Nunua ya nguvu." Mimi mujanja, nikanunua ku Sakania, kule ku mupaka, kamashini ka kufungia bifuniko bya chupa. Bati nikakata mu makopo ya sardini, na sura nikabandika na uji ya unga.

Ku défilé, mvua ikanyesha. Makaratasi yote ya sura yakaanguka, kila kiongozi akabakia na picha ya samaki ya kopo ku kifua. Hakuna mwenye alitoa beji yake. Kuitoa ilikuwa kosa kupita kuvaa samaki. Tukaendelea kuimba sifa za Mukubwa. Direkta akaniinamia, akaniuliza polepole: "Citoyen, tunaimbia nani sasa?"