Siku Baba Aliponishusha Duarani

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka na mimi nikawa nimepata daraja la kwanza, nyumbani kwetu Segese kila mtu aligeuka mshauri. Mama alitaka niwe mwalimu, tena wa shule ya msingi, tena ya hapohapo jirani. Shangazi alikuja na basi kutoka Mhunze bila kuitwa na mtu, akasema udaktari, na siku hiyohiyo akaanza kunieleza magonjwa yake yote utadhani nimeshaajiriwa. Jirani yetu muuza mitumba akacheka: chuo cha nini, binti mwenye hesabu kali hivi si afungue duka la simu? Mimi mwenyewe sikujua. Nilisoma Fizikia, Kemia na Hisabati kwa sababu niliziweza, basi, sikuwa na mpango wowote nazo. Na dirisha la maombi ya vyuo lilikuwa linafungwa Ijumaa.

Aliyenikera kuliko wote ni baba, maana hakusema neno. Namuuliza, "Baba, unaonaje, nisome nini?" na yeye ananoa shoka lake tu, hata kichwa hainui. Nikimzunguka nikasimama mbele yake ndiyo anashtuka na kutabasamu, kisha ananituma maji. Nilichukia, nasema ukweli. Nilijiambia, mzee huyu hajali, ningekuwa mtoto wa kiume angeshanijazia fomu kwa mkono wake mwenyewe.

Baba alikuwa fundi matimba. Duara la dhahabu ni shimo linaloshuka wima ardhini, na matimba ni magogo yanayopangwa kwa fremu za mraba, moja juu ya nyingine, kutoka mdomoni hadi chini kabisa, ili kuta zisifunge na watu wamo ndani. Mchimbaji anaweza kuwa mlevi na mwenye duara anaweza kuwa mjinga, kazi ikaenda. Fundi matimba akikosea, wanazikwa wote. Katika miaka yote ya baba halikuwahi kuanguka duara lake hata moja, na kwa hilo watu wazima walimsalimia kwa mikono miwili.

Lakini sifa yake kubwa zaidi ilikuwa kijiti. Kilikuwa kijiti kikavu, urefu wa shubiri, alichokitoa mfukoni kila akikagua. Anang'ata ncha moja, nyingine anaigusisha kwenye gogo, anafumba macho. Baada ya hapo anasema "badilisha hili" au "hili bado", na anaondoka. Wachimbaji waliapa kwamba ni dawa. Walikuja watu hadi kutoka Geita kumuuliza ni mganga gani aliyempa, na baba hakukubali wala hakukataa, aliguna tu. Mimi na Fizikia yangu nilikuwa naona aibu. Wenzangu shuleni baba zao walikuwa makarani na madereva, wangu anang'ata hirizi!

Jumatano ya wiki ile palikuwa na msiba wa mchimbaji mmoja mkongwe, na kambi nzima ikaenda kuzika. Baba alikwenda asubuhi kutoa pole, akarudi mapema, akanikuta nasuka ukili mlangoni.

"Vaa suruali, mayu," akasema. "Twende kazini kwangu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na baba aliniita hivyo akiwa na la kuniomba. Nilibaki mdomo wazi. Mwanamke hashuki duarani kwetu, wanasema dhahabu inakimbia. Nilikuwa sijawahi hata kusogea karibu na mdomo wa shimo. "Baba, na mwiko je?" nikamuuliza mgongoni, naye akaendelea kutembea.

Alinifunga kamba kiunoni, akanipa taa ya kichwani, akatangulia. Unashuka kwa kukanyaga matimba yenyewe, mguu huku na mguu kule. Fremu kumi za kwanza nilikuwa nasali tu. Baada ya hapo nikaanza kutazama, na woga ukanitoka wote kwa jinsi nilivyoshangaa. Magogo yale yaliletwa kwa lori kutoka Masumbwe yakiwa na magome yake, na baba alikuwa ameyachonga miisho kila moja likaingia ndani ya mwenzake, bila msumari hata mmoja. Fremu baada ya fremu, zote zimenyooka, zinashuka gizani hadi taa yangu ikashindwa. Nilipoinua kichwa, mbingu ilikuwa imebaki ndogo kama kifuniko cha sufuria. Mungu wangu! Nilikuwa nimekaa madarasani miaka kumi na mitatu nikiambiwa kuna watu wenye akili duniani, na hakuna aliyeniambia kwamba mmoja wao anakula ugali na mimi.

Chini kabisa palikuwa na joto na harufu ya udongo mbichi. Baba alianza kugonga magogo kwa kisogo cha shoka.

"Hili linasemaje?"

"Linalia vizuri, kali," nikasema.

"Na hili?"

"Hili zito. Kama limechoka."

Akachekelea. Nikazidi kupamba moto, nikawa najibu kabla hajamaliza kuuliza. Akanifundisha kwamba gogo la kuweka duarani ni mti mbichi. "Mti mbichi una huruma," akasema, "ukizidiwa unalia kwanza, unakupa nafasi ya kutoka. Mkavu unakuua kimya kimya."

"Kwa nini mbichi ulie na mkavu usilie?"

"Sijui," akasema. "Miaka yote hii sijui."

Kitu kimoja kilikuwa kinaniudhi: kila nikifungua mdomo ananimulika usoni na taa yake. Nikamwambia, "Baba, unaniumiza macho." Akageuza taa kidogo, akagonga gogo jingine, na taa ikarudi palepale. Ndipo nilipoona kwamba akigonga halitazami gogo. Ananitazama mimi.

Sijamaliza hata kuwaza hilo nikasikia sauti upande wa mashariki, chini karibu na miguu yetu. Ti. Ti-ti. Kama chumvi ikitupwa motoni. Baba alikuwa ananieleza namna ya kuchonga kona, na akaendelea kunieleza. Ti-ti-ti. Yeye anaongea tu, kwa utulivu, mkono wake uko juu ya fremu ileile inayolia.

Nilimshika shati nikapiga kelele, "Baba, husikii?" Akanimulika, akauona uso wangu, akashusha kiganja kwenye gogo. Akatoa kijiti mfukoni, akang'ata, akagusisha, akafumba macho. Nilihesabu pumzi zangu. Alipofumbua macho alisema neno moja tu, "Panda," na akahakikisha mimi ndiye wa kwanza.

Juu tulikaa kwenye viroba vya mawe, hakuna anayemtazama mwenzake. Mwishowe nikapiga magoti mbele yake ili auone mdomo wangu.

"Baba, tangu lini?"

Sikio la kushoto liliondoka zamani, akasema, kwa baruti. La kulia lilianza kumkimbia miaka kadhaa nyuma, na masika yaliyopita likaisha. "Nikagundua nikiuma kitu kikagusa gogo, meno yanasikia. Hicho kijiti ndiyo habari yake. Hakuna mganga."

Sasa wewe fikiria. Mtu ambaye hakumaliza hata darasa la nne. Kwenye kitabu chetu cha Fizikia palikuwa na mistari miwili juu ya sauti kupita ndani ya mfupa, nikaikariri, nikapata alama, nikaisahau. Baba aliigundua peke yake, gizani, na watu juu ya kichwa chake wakimtegemea. Na mimi nilikuwa nimemwonea aibu. Machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke.

"Sasa hata meno hayatoshi," akasema. "Leo nimelisikia gogo lile baada ya wewe kuniambia. Nilikuleta nione kama una sikio, mayu. Nilitaka kukuomba ubaki. Mwiko, ningeongea na wachimbaji wauondoe."

"Nitabaki," nikasema, tena haraka. Na niliposema nilifurahi, hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Wiki nzima nilikuwa nimetafuta mtu wa kuniambia niwe nini, na huyu hapa, mtu mkubwa kuliko wote niliowajua, ananihitaji.

Baba alinitazama, kisha akatikisa kichwa. "Yaya." Kwa Kisukuma ni hapana, na kinywani mwake ilikuwa hapana isiyo na mlango. "Nilikuwa nimeamua nikuombe. Halafu ukaniuliza kwa nini mti mbichi unalia. Nimeshusha watu miaka yote kwa kitu nisichojua sababu yake, wala sikuwahi kuuliza. Wewe umekaa chini muda wa kunywa chai umeuliza. Nikikuweka hapa utakuwa sikio langu basi, na swali lako litazeeka na wewe."

Nikawaka. Nilimwambia yote: kwamba siendi popote nimwache anashuka mle akiwa kiziwi, kwamba asinifanye mjinga, kwamba nikiwa chuoni nitaletewa simu ya msiba. "Sijazi fomu, baba. Ukishuka nashuka."

"Na nisiposhuka?"

Sikudhani kama jambo hilo linawezekana. Baba bila duara, angekuwa nani?

Alhamisi asubuhi alinichukua tena. Wachimbaji walikuwa wamekusanyika kwa zamu, mwenye duara akiwa katikati yao. Waliponiona karibu na shimo wakaanza kunung'unika, baba akainua mkono. Alizungumza kwa sauti kubwa mno, kama wasiosikia wanavyozungumza, na mimi nilikuwa mtu pekee pale niliyejua sababu.

"Sisikii," akasema. "Tangu masika. Fremu ya chini upande wa mashariki imechoka, msishuke hadi ibadilishwe. Binti yangu huyu ndiye aliyeisikia, mimi sikuisikia. Na kijiti hiki si dawa. Mtafute fundi mwingine."

Kelele zikalipuka. Mimi nilitegemea watamkasirikia kwa uziwi, na wengine walimkasirikia kwa hilo, na walikuwa na sababu. Lakini kilichowachoma wengi zaidi ni kijiti! "Kumbe hata dawa yenyewe hana!" mmoja alipiga kelele, kwa uchungu kabisa, kama mtu aliyeibiwa. Mwenye duara alisema mzee huyu amechezea roho za watoto wa watu, na asionekane tena hapa. Mwingine alitema mate chini. Baba alisimama katikati yao akigeuza uso huku na huku. Midomo ilikuwa mingi mno, hakuweza kuifuata.

Akanigeukia. "Wanasemaje?"

Ningeweza kumdanganya. Wanasema asante, baba. Wanasema pole. Nani angejua? Lakini alikuwa amesimama mbele ya watu waliomheshimu maisha yake yote, akajivua heshima hiyo mwenyewe ili mimi nisipate kisingizio cha kubaki. Nilishindwa kumpa uongo. Nilimwambia neno kwa neno, kwa sauti kubwa, matusi na yote. Wanaume wale walinyamaza mmoja mmoja walipoyasikia maneno yao yakitoka kinywani mwa mtoto akimwambia baba yake.

Baba alisikiliza hadi mwisho kwa macho. "Wana haki," akasema. Akawapungia mkono, akaondoka, nikamfuata. Nimefanya kazi migodini miaka kadhaa sasa, nimeshuka kwa lifti hadi kina kinachozidi cha duara lile mara nyingi, nimekaa meza moja na wataalamu kutoka kila upande wa dunia. Sijamwona mtu mkubwa kama yule aliyekuwa anatembea mbele yangu asubuhi ile, mikono mitupu, shingo imenyooka.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja steshenari, akavuta viti viwili mbele ya kompyuta, akaketi kwenye kimoja. Dada wa steshenari alinifungulia ukurasa wa maombi, akamgeukia baba kama anavyowageukia wazazi wote.

"Shikamoo mzee. Tunamwombea kozi gani?"

Baba aliona midomo ikicheza. Hakutabasamu kama zamani, wala hakutikisa kichwa.

"Mimi sisikii, mwanangu," akasema bila haya yoyote. "Muulize mwenyewe."

Dada akanigeukia, vidole viko juu ya vitufe.

"Uhandisi wa migodi," nikasema.