Siagi Kifuani mwa Gesare

Bitutu wa Nyacheki alijulikana kwa vidole vyake. Mtoto akitazamwa na mtu mwenye jicho baya, vitu vidogo humwingia kifuani. Ndivyo watu walivyoamini, na Bitutu ndiye aliyevitoa. Aliviringisha donge la siagi juu ya ngozi, akalipasua, na ndani mlikuwa na unyuzi au chembe ya wimbi. Sasa niambie, siagi iviringishwe juu ya mtoto aliyetoka kwenye blanketi, itakosaje unyuzi? Lakini nani angethubutu kumwuliza! Miaka ishirini watoto walikohoa, akawapaka, wengi wakapona.

Mvua za mwaka 1968 zikaja na mafua, na mjukuu wake Gesare, wa miezi saba, akashikwa. Siku ya pili alipumua mbiombio, akakataa ziwa. Mama yake, Tryphosa, akachukua leso ambebe kwenda hospitali.

"Umtoe nje macho yamle tena?" Bitutu, mama mkwe wake, akafoka. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Keti!"

Tryphosa akaketi. Angefanyaje, mke aliyeolewa mwaka jana, mume yuko kazini Kericho? Bitutu akapaka siagi asubuhi, akapaka jioni, na kila donge likatoka na unyuzi. Moyo wake ukatulia. Jamani, ukatulia!

Siku ya nne mbavu za mtoto zilibonyea kila alipovuta pumzi, midomo ikawa buluu. Hapo Bitutu akaogopa hasa. Alimbeba mwenyewe, akakimbia naye hospitali kwenye utelezi, mtu mzima na magoti mabovu, Tryphosa nyuma yake.

Daktari alisikiliza kifua. "Ni virusi vya mafua, vimeshuka mapafuni. Sindano haiviui. Tungempa hewa ya mtungi na maji, apate nguvu ya kupigana navyo. Lakini amechoka, mama. Mngemleta juzi."

Walimwekea hewa hata hivyo. Kabla ya adhuhuri Gesare akakata roho.

Daktari akashika kalamu. "Nani aliwachelewesha?"

Bitutu akangoja kutajwa. Alistahili, na alijua.

"Mto ulifurika," Tryphosa akasema bila kuinua uso. "Mama alitaka tuje tangu siku ya kwanza."

Angetukanwa mbele za watu, Bitutu angevumilia; kusitiriwa huku hakukuvumilika. Alifungua kinywa aseme si kweli, akakifunga, na daktari akaandika mafuriko.