Ngamia Asiyekuwamo Kitabuni

Mwalimu Shuaib alimwibia Deka maneno. Kwa kuwa hakumwibia kitu cha kushika mkononi, watu wa mtaa wa Iftin hadi leo wanasita kuuita wizi. Alikaa kwenye kigoda chake miezi minne, akanywa chai yake, akamsikiliza. Kisha akaenda akayaandika aliyoyasikia, akatia jina lake mwenyewe chini, na karatasi ile ikabandikwa ukutani katika maktaba ya mjini na kusomwa redioni.

Deka ana miaka arobaini na saba na anauza sambusa karibu na stendi ya bodaboda. Hajui kusoma. Baba yake aliwapeleka wavulana shule, yeye akapelekwa kwa mbuzi, na hilo pia hajalisamehe.

Vitabu vilimjia kama karatasi za kufungia. Mwalimu mmoja wa kutoka bara alihamishwa, akaacha magunia mawili, na Deka akayachukua kwa bei ya takataka. Siku ya tatu Aketch, nesi wa zahanati ya mtaa, alirudi ameshika karatasi iliyolowa mafuta.

"Mama Deka, ukurasa unaofuata uko wapi?"

"Nimemfungia mtu wa bodaboda."

"Basi umemfungia ndoa ya watu. Mimi sasa nitajuaje kama alimwacha?"

Tangu siku hiyo Deka hakuchana tena. Alitafuta magazeti ya kufungia, akavipanga vitabu kwenye meza ya pili, akaweka sharti moja. Chukua bure, lakini ukirudisha, kaa kwenye kigoda unisimulie chote, mwanzo mpaka mwisho. Vijana wa mtaa, ambao humwita eddo, yaani shangazi, walijaribu kumkwepa. "Kizuri, eddo," walisema, huku mguu mmoja uko barabarani. Deka aliwarudishia kitabu.

"Kizuri ni sambusa," aliwaambia. "Kitabu niambie kilikufanya nini."

Baada ya miaka sita alikuwa na vitabu zaidi ya mia kichwani. Majina yake hakuyajua. Alivijua kwa sura, kile chenye picha ya kisima, kile kilichotafunwa na panya. Alijua pia nani apewe kipi. Mtu akija amekasirika kwamba hakuna anayemwamini, alimpa kile cha mwanamke wa mizani. Huyo alikuwa na mizani pekee ya kweli sokoni, na waliomuuzia mazao wote wakamwita mwizi kwa sababu mizani ya wengine ilionyesha zaidi, mpaka mwenyewe akaanza kuishuku yake. Waliogombana na ndugu aliwapa kile cha kisima, ambamo wajukuu wanapigana kwa miaka thelathini na hakuna hata mmoja anayekumbuka kwamba maji yenyewe ni ya chumvi.

Kitabu cha maana, kwake, ni chenye mwiba. Unakifunga, unaondoka, unafika mbali, na bado kinakuchoma kisiginoni. Neno hilo alilitunga yeye.

Shuaib anafundisha katika shule ya Waberi na ni mtoto wa binamu yake Deka, kwa hiyo alipomwita eddo alikuwa na haki zaidi ya wengine. Alikuja na daftari dogo. Hakuazima kitabu hata kimoja. "Ningekuwa na muda, eddo, ningevisoma vyote," alisema, kisha akauliza, "na hiki cha bluu kinahusu nini?" Deka akamweleza. Kinachomuuma zaidi leo ni kwamba alifurahi. Aliona hatimaye msomi ametaka kujua yeye anafikiri nini, na kila alasiri alimwekea sambusa mbili za moto pembeni.

Halafu asubuhi moja Aketch akaja na simu yake. Alikuwa ameipiga picha ile karatasi ya maktaba: Vitabu Saba Vyenye Mwiba, vilivyochaguliwa na Mwalimu Shuaib. Akaisoma kwa sauti. Deka alijisikia mwenyewe akiongea, mizani na kisima, kila kitu pale pale alipokiweka. Aliendelea kukunja sambusa. Mikono ilijua kazi yake.

Cha sita kilikuwa kile cha bluu. Mpimaji ardhi anatumwa kuchora mpaka, na mstari unapita katikati ya nyumba ya mjane. "Mwishoni," Aketch akasoma, "mjane anaifungua nyumba yake mti kwa mti, anaipakia juu ya ngamia, na mpaka unapita mahali patupu." Akainua macho. "Ngamia gani?"

"Ngamia wa mjane."

"Mama Deka, hicho kitabu kiko kwangu, nimefika katikati. Hawa watu wanakaa mlimani, wanachuma chai. Nyumba ni ya mawe. Mvua inanyesha kila ukurasa. Huyo ngamia alipandaje huko?"

Deka akaacha kukunja. Ngamia yule aliletwa na Kaaha, msichana wa sekondari aliyekaa kwa jamaa zake mtaani kabla ya kurudi kwao, kambi ya wakimbizi ya Dagahaley. Akampigia.

"Eddo, sikukimaliza," Kaaha alisema. "Mtihani ulikuwa karibu, nikakuonea haya. Nikaweka jinsi nyanya yangu alivyokuwa akihama."

"Umenifanya mwongo kwa watu wangapi?"

"Nisamehe, eddo."

Aketch alikimaliza siku iliyofuata na kuja kusimulia. Mjane hahami. Mstari unapita jikoni mwake. Analala upande huu, anapika upande ule, na siku ya kuhesabu watu kila karani anasema huyu si wangu. Haandikwi popote.

Ijumaa baada ya alasiri Shuaib akaja kama kawaida. Keynan wa bodaboda alikuwepo na wenzake, na Aketch pia.

"Mwalimu," Deka akasema, "yule mjane wa kitabu cha bluu alihamaje?"

"Kwa ngamia, eddo. Pale pananigusa sana."

"Umekisoma?"

"Kile ni cha kusoma mara mbili."

Aketch akakitoa kwenye mkoba, akakiweka mezani. "Tuonyeshe huyo ngamia, mwalimu."

Shuaib akapekua kurasa za mwisho, akarudi nyuma, akapekua tena. "Mwache," Keynan akasema, "labda ngamia ameenda malishoni." Watu wakacheka. Shuaib akageuka kwa Deka, jasho limemtoka.

"Lakini eddo, si wewe mwenyewe uliyeniambia ni ngamia?"

"Ndiyo. Ni mimi niliyekuambia," Deka akasema. "Na hawa wote wamekusikia."

Shuaib alimvuta kando, akashusha sauti. "Eddo, wewe husomi. Nani angebandika orodha ya mtu asiyesoma? Nimeyafikisha maneno yako."

"Yamefika bila mimi."

Mwalimu aliondoka na sambusa zake mkononi. Wiki iliyofuata Deka alivaa buibui ya kutokea, akaenda maktaba. Karani alimwambia kwa adabu kwamba karatasi ni ya mwalimu, na kama ana malalamiko alete barua. Deka alisimama mbele ya karatasi asiyoweza kuisoma, akamwomba msichana mmoja amsomee cha sita. Ngamia alikuwa ameondolewa. Sasa mjane alikuwa akipika upande mmoja na kulala upande mwingine, kama ilivyo kitabuni. Shuaib alikuwa amekisoma hatimaye, akasahihisha mahali pamoja. Jina lake lilibaki pale pale.

Deka hadai makubwa. Kaaha anadaiwa kukisoma kitabu cha bluu chote na kuja kukisimulia, na ametuma neno kwamba atakuja shule zikifungwa. Mwalimu Shuaib anadaiwa kuandika jina la Deka kwenye karatasi ile kwa mkono wake, na kulitamka redioni saa ile ile waliyosikiliza watu. Anadaiwa pia vitabu sita vilivyobaki, avisome, aje akae aeleze kila kimoja kilimfanya nini. Hajaja. Siku hizi ananunua sambusa kwa mtu mwingine.